Trekta Dogo Katika Matope: Namna ya Kulifanya Lishike Ardhi

Katika nchi za mpunga, kama Mwea ya Kenya, au Usangu na bonde la Kilombero katika Tanzania, maji humletea mkulima furaha na mashaka pamoja. Furaha, kwa kuwa pasipo maji hapana mpunga. Mashaka, kwa kuwa udongo mweusi wa mbugani, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kuwa mgumu kama tofali, ukinywa maji huvimba na kuteleza kama sabuni. Tangu mwaka 2009, serikali ya Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza, matrekta madogo ya kushikwa kwa mikono, yaitwayo pawatila, yameonekana katika vijiji vingi, na matrekta madogo ya magurudumu manne yapo pia. Trekta likikwama, mafuta huteketea bure, siku za kupanda hupita, na miche iliyo kitaluni huzeeka. Kwa hiyo yafaa kila mwenye trekta, na kila mwenye kulikodi, ajue sababu ya kukwama na dawa yake.

Watu wengi hudhani kwamba trekta hukwama kwa sababu injini yake haina nguvu. Sivyo. Hata injini ndogo yaweza kuzungusha magurudumu matopeni. Kinachokosekana ni ardhi ya kushikilia. Gurudumu husukuma udongo kwenda nyuma, na udongo ukikataa kusukumwa, ndipo trekta huenda mbele. Lakini udongo uliojaa maji haukatai. Hukatika, nalo gurudumu huwa kama jembe, likajichimbia shimo lake lenyewe. Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Walakini kwa gurudumu la trekta kuteleza kupita kiasi ndiko mwanzo wa kuzama.

Dawa ya kwanza haina gharama, nayo ni kuchagua wakati. Katika shamba la mahindi au pamba, chimba hata kufikia kina cha kulima, utwae udongo wa chini, si wa juu, uuviringe kati ya viganja. Ukiwa uzi mwembamba usiokatika, shamba bado ni bichi, ngoja. Ukimeguka vipande vipande, waweza kuingia. Mwenye haraka huharibu mara mbili: hukwama leo, na tena magurudumu yake hugandamiza udongo hata mizizi ya mazao ishindwe kupenya.

Dawa ya pili ni kutazama matairi. Meno ya tairi yakiwa yamekwisha, hayana budi kuteleza. Tazama pia kama tairi limefungwa upande ulio sawa. Kwa kawaida, ukisimama nyuma ya trekta, ncha za meno yale huelekea juu, kama paa la nyumba. Hivyo matope husukumwa nje kila gurudumu lizungukapo. Likifungwa kinyume, matope hujaa kati ya meno, na tairi huwa laini kama mtungi. Kadhalika upepo ukizidi, tairi hugusa ardhi kwa sehemu ndogo tu na kuzama upesi. Ukipunguzwa kidogo, tairi hutandaa na uzito hugawanyika. Lakini usishuke chini ya kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha trekta, maana tairi laweza kuzunguka juu ya rimu au kupasuka. Na kabla ya kurudi barabarani na mzigo, jaza upepo tena.

Dawa ya tatu ni uzito, na hapa wengi hukosea. Ikiwa matope ni ya juu tu na chini yake pana ardhi ngumu, uzito husaidia, kwa kuwa huyapeleka meno ya tairi mpaka penye ugumu. Waweza kufunga vyuma vya uzito, au kutia maji ndani ya matairi kwa namna kitabu cha trekta kielekezavyo. Kila lita 100 za maji huongeza kilo 100. Minyororo iliyofungwa juu ya matairi nayo hufaa mahali kama hapo. Lakini ikiwa matope hayana chini, uzito ni adui: ondoa vyuma vile na upunguze mzigo. Usisahau magurudumu ya mbele, maana yakiwa mepesi mno usukani hautii.

Katika majaruba ya mpunga iko dawa ya nne, nayo ni magurudumu ya chuma yaliyoundwa kama tundu, yenye mabamba ya kukanyagia. Matrekta mengi ya zamani yalikuwa na magurudumu ya chuma. Matairi ya upepo yalianza kuuzwa pamoja na matrekta katika Marekani mwaka 1932. Chuma kile kilichoachwa nchi kavu kingali na kazi matopeni, kwa kuwa mabamba hushika kwa upana na matope hupita katikati yake. Hufungwa mahali pa matairi ya pawatila, au ubavuni mwa matairi ya trekta kubwa zaidi. Yasitumike barabarani, kwa kuwa huiharibu. Jambo jingine la kujua ni kwamba chini ya tope la jaruba mna tabaka gumu lizuialo maji yasipotee, na juu ya tabaka hilo ndipo gurudumu husimama. Dereva anayezungusha magurudumu mahali pamoja hulitoboa, na msimu ujao mahali pale patakuwa shimo la kukwamisha kila trekta.

Dereva apime utelezi mwenyewe. Atie alama ya chokaa juu ya gurudumu la nyuma, aende bila kulima hata gurudumu lizunguke mara 10, kisha aweke vijiti mwanzo na mwisho wa njia. Halafu apite baina ya vijiti vile huku akilima. Gurudumu likizunguka mara 11 au 12, kazi ni njema. Likifika mara 13, karibu robo ya mwendo inapotea bure. Basi apunguze kina cha jembe au arekebishe uzito.

Gurudumu moja likizunguka peke yake na jingine likisimama, sababu yake ni difu, ambayo haiwezi kulipa gurudumu lililo imara nguvu kupita lile linaloteleza. Matrekta mengi yana kifungo cha difu cha kuyafanya yazunguke pamoja. Kikanyage kabla ya kuingia penye matope, magurudumu yakiwa hayatelezi, na ukiachie kabla ya kukata kona.

Trekta likikwama, acha mafuta mara moja. Inua au fungua jembe, chimba mbele na nyuma ya magurudumu, tandika matawi au mbao, kisha jaribu kutoka kinyumenyume, polepole. Mwenye pawatila asirudi nyuma kabla ya kuzima visu vya kulimia, maana vyaweza kumkata miguu.

Na jambo hili lishikwe kuliko yote: usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili trekta lipande juu yake. Magurudumu yakizuiliwa na injini ikizidi kusukuma, trekta lenyewe huinuka mbele na kupinduka nyuma, likamlalia dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Kwa sababu hiyo hiyo, mnyororo wa kukokotea ufungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia, wala usifungwe juu ya ekseli. Watu wote wasimame mbali kupita urefu wa mnyororo, maana ukikatika huruka kama mjeledi. Trekta lenye fremu ya kumkinga dereva lisiondolewe fremu hiyo, na mkanda ufungwe.

Trekta lililokwama hukokotwa kesho likaendelea na kazi, lakini mtu aliyelaliwa na trekta haponi kwa kukokotwa. Basi, dereva aonaye gurudumu limeanza kuchimba na asimame papo hapo, ashuke, atazame ardhi, ndipo ashike koleo.