Nyumba ya Nyota Ukunda: Falaki si Ramli

Hapa petu Ukunda mtu akijenga kibanda uani, majirani hukisia mambo matatu: jiko, choo au banda la kuku. Changu hakikuwa lolote katika hayo, na hapo ndipo maneno yalipozuka. Wengine walisema nimeanza kupiga ramli. Wengine, na hili ndilo lililoniuma zaidi, walisema nimeweka darubini ili nichungulie nyua za watu.

Basi, msomaji mpenzi, kabla hujahukumu, sikiliza kibanda chenyewe kilivyo.

Ni chumba cha futi 8 kwa 8, kuta zake mawe ya matumbawe ya kuchonga, yale yale tujengeayo nyumba zetu. Katikati pana jukwaa dogo la zege lenye msingi wake peke yake, lisigusane na sakafu. Maana darubini hukuza kila kitu, hata mtikisiko wa hatua ya mtu. Paa la makuti halikufaa, kwani halisukumiki. Niliezeka mabati mepesi juu ya mbao, na fundi wa kuchomea akatia magurudumu ya geti na reli mbili za chuma. Usiku ukiingia, paa zima husukumwa kando na mbingu ikabaki wazi.

Darubini ina kioo cha inchi 6 kilichokaa chini ya bomba pana, kikikusanya mwanga na kuurudisha juu penye jicho. Bomba limekaa katika sanduku la mbao lenye kuzunguka. Mtindo huu ulienezwa na John Dobson wa San Francisco tangu miaka ya 1960, aliyetaka watu wa kawaida wajitengenezee wenyewe kwa vitu vya bei nafuu. Adui wetu wa pwani ni hewa ya chumvi, ambayo hutia chuma kutu na kula utando unaong'arisha kioo. Kwa hiyo nikimaliza kutazama, kifuniko hurudi mahali pake mara moja.

Ama kuhusu nyua za watu, kuta nimeziinua hadi kifuani kwa makusudi. Ukiinamisha bomba, utakaloliona ni jiwe. Sitara ya jirani imehifadhika, nami nimepata kinga ya taa za mulika mwizi.

Ama ramli, hiyo si kazi yangu. Mpiga ramli hudai kujua ya ghaibu. Mwenye falaki hupima na kuhesabu kinachoonekana. Wanazuoni wa Kiislamu walijenga kituo cha kutazamia nyota huko Maragha mwaka 1259, na Ulugh Beg akajenga chake Samarkand katika miaka ya 1420. Hata leo Wazungu huita nyota moja Aldebaran, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya mfuasi, kwa kuwa nyota hiyo hufuata Kilimia, kile kile ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima.

Maneno yalipungua usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa. Kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku ulikuwa umefunikwa wote na kivuli cha dunia, ukawa mwekundu kwa sababu mwanga wa jua uliopita katika hewa ya dunia ulipindika na kuufikia. Baada ya sala ya kupatwa kwa mwezi, watu kadhaa walikuja uani kwangu. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja jirani, mkali wa maneno.

"Mwanangu, kwanza ielekeze kwangu," akasema.

"Karibu, Bi mkubwa, angalia mwenyewe."

Akainama, akaona jiwe. Akacheka. "Haya, sasa nioneshe huo mwezi."

Akauona, kisha akaiona Zohali, ambayo usiku ule ilikuwa karibu na mwezi, pete yake nyembamba kama sindano. Akasema "Subhanallah", akawaita wajukuu wake. Nikawakumbusha alivyofundisha Mtume (S.A.W.) kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Wengi huniuliza kama sasa nitautangaza mwezi wa Ramadhani. La, hiyo ni kazi ya Kadhi na mashahidi wake. Tena Ukunda bahari iko mashariki, ilhali mwezi mwandamo huonekana magharibi, upande wa minazi na vilima vya Shimba, nao ukiwa chini sana vilima huuziba. Ninaloweza ni kumwonesha kijana, jua likizama, ni upande gani atazame na kwa muda gani.

Taa za Diani zinazidi kila mwaka, na usiku wa giza unazidi kuwa haba. Enyi walimu wa madrasa, waleteni vijana wajifunze falaki wakati Kilimia bado kinaonekana.