Kwa Nini Injini Humisi Jua Linapopanda?

Tumfikirie mwalimu anayeishi Ujiji na kufundisha katika shule moja ya sekondari mjini Kigoma. Asubuhi gari lake dogo la petroli huwaka mara moja na kukimbia vizuri. Mchana mambo hubadilika. Akisimama sokoni Mwanga kununua dagaa kisha akaondoka tena, injini huanza kukohoa, gari hushtukashtuka, na nguvu hupungua kana kwamba limepakiwa magunia. Mwezi wa Juni kosa hili lilikuwa dogo. Mwezi wa Septemba, jua likiwa kali na mvua hazijaanza, limekuwa la kila siku.

Mwalimu hulipeleka gari kwa fundi. Fundi analo la kufanya kwanza, kwa hiyo gari husubiri saa mbili chini ya mwembe. Linapowashwa, injini hunguruma bila kosa lolote. Basi hubadilishwa plagi. Kesho yake kosa hurudi. Hubadilishwa chujio la petroli, kisha pampu. Fedha zimekwenda, ugonjwa umebaki. Na gari hilohilo ndilo majirani hulitegemea usiku kumkimbiza mgonjwa hospitali.

Mafundi wetu husema injini kama hii "inamisi". Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi hukosa kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa zamu yake inapofika. Makala haya yataonyesha kwamba joto, ambalo huonekana kuwa adui, ndilo shahidi mkuu wa kumwongoza fundi.

Mahitaji matatu ya silinda

Ili silinda ya injini ya petroli itoe nguvu, yahitajika mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Injini za dizeli, kama zile zilizowekwa katika meli ya Liemba katika miaka ya 1970, hazina plagi za cheche. Mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yanahusu injini za petroli tu. Swali letu ni hili: ni lipi kati ya mahitaji hayo matatu linaloharibiwa na joto?

Joto na cheche

Koili ni nyaya za shaba zilizozungushwa juu ya chuma. Hupokea umeme wa betri wa volti 12 na kuukuza hadi maelfu mengi ya volti ili uruke kwenye ncha ya plagi. Shaba ina tabia moja inayojulikana: kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi zinazoongezeka, ukinzani wake hupanda kwa karibu sehemu 4 katika 100.

Hebu tupige hesabu kwa koili ya gari la zamani lenye pointi. Tuseme ukinzani wa nyaya zake za kwanza ni omu 3 katika nyuzi 20. Mkondo wa umeme utakuwa 12 ÷ 3, yaani ampea 4. Koili ikipata moto hadi nyuzi 90, ukinzani hufika kiasi cha omu 3.84, na mkondo hushuka hadi ampea 3.1 hivi. Lakini nishati inayohifadhiwa katika koili hufuata mraba wa mkondo. Kwa hiyo nishati ya cheche hubaki asilimia 61 tu ya ile ya awali.

Koili nzima huvumilia upungufu huo, kwani waundaji waliuzingatia. Koili iliyozeeka haivumilii. Kihami kati ya nyaya zake hudhoofika, waya uliopasuka kidogo huachana unapopanuka, na umeme hupita njia ya mkato. Ikipoa, nyufa hujifunga na koili hufanya kazi tena. Ndiyo sababu fundi wa chini ya mwembe hakuona kitu.

Tutofautishe hapa kosa la joto na kosa la unyevu. Gari linalomisi asubuhi ya mvua na kupona jua likitoka, aghalabu lina nyaya za plagi zilizopasuka zinazovujisha umeme. La mchana mkavu lina asili nyingine.

Joto na petroli

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vilivyo vyepesi huanza kuchemka karibu na nyuzi 35, na vilivyo vizito hungoja hadi karibu nyuzi 200. Katika gari la kabureta, petroli inaweza kuchemka ndani ya bomba lililo karibu na injini, na mapovu ya mvuke yakazuia pampu isivute kimiminika. Hatari huzidi dakika chache baada ya kusimama, kwa kuwa feni na maji ya rejeta vimetulia huku joto la chuma likiendelea kupanda.

Mwinuko nao huchangia. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu 9 katika 100. Kimiminika huchemka upesi zaidi kanieneo inapopungua. Kwa hiyo dereva anayepanda kwenda Kasulu huongeza tatizo kwa kila kilima. Magari ya siku hizi hayasumbuliwi sana na jambo hili, kwa sababu petroli yake husukumwa kwa kanieneo kubwa ambayo huizuia isichemke.

Sababu ya tatu ni vali. Vali iliyobanwa mno hurefuka kwa joto, ikashindwa kufunga kabisa, na mgandamizo ukavuja.

Kumkamata mwizi akiwa kazini

Kanuni ya kwanza: pima wakati kosa lipo. Fundi na apande gari, aliendeshe mpaka limisi, ndipo afungue boneti.

Kanuni ya pili: sikiliza mdundo. Kumisi kwa mpangilio, kama mtu anayechechemea, huonyesha silinda moja. Fikiria plagi, koili au vali yake. Injini yote ikififia na kuzima, fikiria petroli, au koili moja inayohudumia silinda zote.

Kanuni ya tatu: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwa gari la kabureta, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba la petroli, mbali na nyaya za umeme. Injini ikipona, mvuke umekiri. Kwa gari la kisasa lenye koili juu ya kila silinda, zima injini, kisha hamisha koili ya silinda inayoshukiwa uipeleke kwenye nyingine. Kosa likihama pamoja nayo, mwenye hatia ni koili. Likibaki palepale, chunguza plagi, kisha mgandamizo. Kompyuta ya gari inaweza kusema P0303, yaani silinda ya 3 inamisi. Lakini hutaja silinda tu, sababu haitaji.

Tahadhari: usishike nyaya za plagi injini ikizunguka, wala usijaribu cheche penye harufu ya petroli. Pia usiendelee kuendesha gari linalomisi sana. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya ekzosi, na ekzosi yenye moto mkali juu ya majani makavu ya Septemba yaweza kuwasha mbuga.

Jaribio la darasani

Walimu wa fizikia waweza kuomba koili mbovu gereji. Pimeni ukinzani wa nyaya zake za kwanza asubuhi, tuseme katika nyuzi 25. Iwekeni juani juu ya bati jeusi, kisha mpime joto na ukinzani kila baada ya dakika 15. Chora grafu. Ikiwa koili ilianza na omu 3, katika nyuzi 60 mtegemee karibu omu 3.4. Ukinzani ukiruka ghafla au mkondo ukikatika, mmeuona ugonjwa wenyewe kwa macho yenu.

Mwalimu wetu wa Ujiji alinunua vifaa vitatu kabla ya kupima hata kimoja. Kipimo cha omu kilichotumika gari likiwa bado na moto kingeweza kumwokolea gharama zote hizo.