Jinsi Mtoto Anavyombadili Baba Yake

Kijana wa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, akipata mtoto wa kwanza hupoteza jina lake. Jana wenzake waliokuwa wakikata naye miwa walimwita kwa jina alilopewa na wazazi; leo wanamwita Baba Neema. Mkewe naye humwita hivyo hivyo, na mama yake mzazi, aliyezoea kumkaripia hadharani, sasa humwita kando kwanza. Jamii imekwisha kumtangaza kuwa mtu mwingine. Je, mwili wake nao umepata habari hiyo?

Kwa mama jibu ni rahisi, kwani yeye hubeba mimba, huzaa na kunyonyesha. Baba hapitii lolote kati ya hayo. Katika msitu ulio juu ya kijiji hicho anaishi kima aitwaye kwa jina la Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walimfahamu tangu zamani. Mtoto wa kima huyo hung'ang'ania tumboni kwa mama yake. Dume halimletei chakula. Wanyama wengi wanyonyeshao wako hivyo. Binadamu ni mmoja wa wachache ambao dume huweza kulea, na hapo ndipo penye fumbo.

Ufunguo mmoja ni kichocheo kiitwacho testosteroni, ambacho kwa mwanamume hutengenezwa hasa katika korodani. Hicho humpa misuli, sauti nzito, na ari ya kushindana na kutafuta mwenzi. Mwaka 2011 ulitangazwa utafiti wa vijana 624 wa Cebu, nchini Ufilipino, waliopimwa mate mwaka 2005 na tena mwaka 2009. Wale waliokuwa na testosteroni nyingi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mke na mtoto. Lakini walipokwisha kuwa baba, kiwango hicho kilishuka sana. Basi haiwezekani kusema kwamba wanaume wapole ndio wanaozaa.

Lakini ni kuzaa au ni kulea kunakoleta badiliko hilo? Jibu zuri limetoka hapa hapa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi. Huko Wahadzabe, ambao ni wawindaji na wachimba mizizi, wanaishi jirani na Wadatoga, ambao ni wafugaji. Baba wa Kihadzabe hulala karibu na mtoto wake, humbeba na kumchezesha. Kwa Wadatoga mtoto mchanga ni shughuli ya wanawake, na baba humgusa kwa nadra. Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walipima mate ya wanaume wa pande zote mbili, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na testosteroni pungufu kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti. Wote walikuwa wamezaa. Waliobadilika ni wale waliokaa karibu na watoto wao.

Msomaji wa kiume asishtuke. Upungufu huo si ugonjwa wala utasa, na baba hao huendelea kupata watoto wengine. Mwili unapunguza ari ya mashindano ili pawepo nafasi ya subira, jambo ambalo mke aliyeamka mara nne usiku hulitambua upesi kuliko daktari.

Ndiyo maana nawafikiria akina baba wa bonde la Kilombero ambao msimu wa mpunga huhamia vibandani mashambani kwa miezi, mama na mtoto mchanga wakibaki kijijini. Siwalaumu, mpunga haungoji. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nikiwa ng'ambo masomoni. Niliporudi alikuwa na miezi minane, akaficha uso kifuani kwa mama yake. Majirani waliniita Baba Tumaini tangu niliposhuka garini. Ilinipasa kumwogesha na kumlisha uji kwa majuma mengi kabla sijaanza kuitika bila kusita.