Sauti Imehifadhika; Jina la Mtungaji Je?

Juzi mwanangu alizifuta vumbi CD zangu kumi na nne za taarabu, akazitia moja moja katika kompyuta, na kabla ya alasiri akanirudishia simu yangu. "Haya baba, zote zimo humu," akaniambia. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Lakini nilipoutafuta wimbo mmoja niupendao, nilikuta "Traki 01", "Traki 02", hivyo hivyo hadi mwisho.

Sababu ni hii, msomaji. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kwa kawaida haina majina ya nyimbo ndani yake; majina yamo katika karatasi ya kasha. Kompyuta hutazama idadi ya nyimbo na urefu wake, kisha huuliza katika intaneti kama yupo aliyekwisha kuiorodhesha CD kama hiyo. Zilizovuma Ulaya na Marekani hupatikana. Zetu za Pwani, ambazo nyingi zilinakiliwa kutoka kanda, mara nyingi hazimo.

Huenda ukasema: jina la nini, maadamu sauti ipo? Mtazame marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014. Nyimbo zake nyingi zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Mwimbaji hutambulikana kwa sauti yake. Mtungaji hana sauti humo; ana jina tu. Likifutika hilo, maneno yake yatasikika kila harusi naye hajulikani.

Basi mwenye CD nyumbani na azihamishe mapema. Zile za kunakiliwa hutumia rangi maalumu inayoharibika kwa joto na mwanga, na joto la kwetu hulijui ni wewe? Lakini zihamishwe kwa hadhari. Muziki wa CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika moja. Faili ya MP3 ya kawaida huweza kushuka hadi megabaiti 1, kwa kuzitupa sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Na kilichotupwa hakirudi. Faili ya FLAC hupunguza hadi karibu nusu tu, lakini haipotezi kitu. Ya FLAC iwe akiba ya nyumbani; ya MP3 uitie simuni uende nayo safari.

Kisha andika majina. Kila faili ina mahali pa kuandika jina la wimbo, la mwimbaji na la mtungaji. Makasha nayo usiyatupe. Yapige picha uziweke pamoja na nyimbo.

Usiku ule tulikaa sote barazani, mwanangu akipiga wimbo mmoja mmoja, mimi nikitaja, naye akiandika. Niliposhindwa, mamake alijibu kutoka jikoni, wala hakukosea hata mara moja. Zimebaki nyimbo tatu. Waimbaji wake twawajua. Watungaji hatuwajui, na makasha yake yalikwisha kupotea.

Yupo jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa akihudhuria taarabu za zamani. Siku hizi macho yamemwishia, lakini masikio angali nayo. Kesho inshallah nitamwendea na simu yangu, kabla sijachelewa.