Migogoro ya upandishaji wa mbwa

Migogoro ya upandishaji wa mbwa ni mabishano yanayotokea kati ya mwenye mbwa jike na mwenye mbwa dume, baada ya kukubaliana kwamba dume ampande jike huyo, ama kwa wanyama kukutana ama kwa mbegu za dume kukusanywa na kusafirishwa. Mabishano hayo huhusu malipo, mimba isiyoshika, idadi ya watoto, magonjwa, na ukweli wa ukoo. Kwa kuwa mbwa wa koo zinazotambulika huuzwa kwa bei kubwa, ugomvi ulioanza kama wa majirani unaweza kufika kwenye chama cha wafugaji au mahakamani.

Nchini Tanzania jambo hili linaonekana zaidi mijini, hasa kwa mbwa wa ulinzi wa asili ya Ujerumani na mbwa wengine wakubwa. Vijijini, kwa mfano Mngeta katika bonde la Kilombero, mbwa hupandana bila mkataba, lakini swali lililo ndani ya ugomvi huo linajulikana vizuri huko pia kwa sababu ya ng'ombe: dume likitumika nje ya zizi la mwenyewe, nani anadai nini?

Makubaliano ya kawaida

Desturi iliyoenea duniani ni kwamba jike hupelekwa kwa dume, wala si dume kwa jike, kwa sababu dume hujiamini zaidi akiwa kwao. Mwenye jike hulipa ada. Ada hiyo huwa ya fedha, au huwa mtoto mmoja wa mbwa, ambaye mara nyingi mwenye dume huchagua kabla ya watu wengine wote.

Malipo ya mtoto wa mbwa yanaonekana rahisi kwa sababu hakuna anayetoa fedha mfukoni. Kwa kweli ndiyo yanayozaa ugomvi mwingi. Je, akizaliwa mtoto mmoja tu, ni wa nani? Wakizaliwa majike watupu na mwenye dume alitaka dume? Mtoto aliyechaguliwa akifa akiwa na wiki sita, kabla hajachukuliwa, hasara ni ya nani? Na gharama za chanjo na chakula za siku zile alizosubiriwa zinalipwa na nani? Wafugaji wenye uzoefu huandika mapema kwamba uzao utahesabiwa kuwa uzao iwapo watoto wawili au zaidi watazaliwa hai, na kwamba mtoto wa malipo atachukuliwa wiki fulani, la sivyo haki inapotea.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba ada, kwa desturi ya wafugaji wengi, hulipwa kwa tendo la kupanda, si kwa mimba. Mwenye jike hudhani amenunua watoto; mwenye dume hujua ameuza huduma. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lililoanzishwa mwaka 1911, lina kanuni za uzalishaji zinazotokana na kanuni zilizokubaliwa Monaco mwaka 1934. Kanuni hizo zinawahimiza wafugaji kuandikiana kabla ya kupandisha. Zinaeleza pia la kufanya jike akipandwa kwa bahati mbaya na dume asiyekusudiwa wakati yuko mikononi mwa mwenye dume: mwenye dume lazima amwarifu mwenye jike na kulipa gharama zilizotokea. Kumpandisha tena kwa dume la makubaliano katika joto lilelile hairuhusiwi.

Katazo hilo lina sababu ya kibiolojia. Mbegu za mbwa huweza kuishi ndani ya jike hadi wiki moja, na mayai kadhaa hukomaa kwa pamoja, hivyo watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Mtu anayeona watoto wawili weusi na watatu wa kahawia hana budi kuuliza, ingawa rangi peke yake haithibitishi kitu. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachotoa jibu, na baadhi ya vyama husajili uzao wa baba wawili iwapo kila mtoto amepimwa.

Mbegu zinazosafirishwa

Mnyama wa kwanza anayonyesha kuzaa kwa uhimilishaji, kwa kadiri ilivyoandikwa na wanasayansi, alikuwa mbwa. Mwaka 1780 Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, aliingiza mbegu za dume kwa jike kwa kutumia bomba la sindano, na baada ya siku 62 jike akazaa watoto watatu. Hata hivyo, maendeleo makubwa yalikuja kupitia ng'ombe. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliserini huzikinga mbegu zisife zinapogandishwa. Mbwa walifuata baadaye: watoto wa kwanza waliotokana na mbegu zilizogandishwa waliripotiwa mwaka 1969 nchini Marekani.

Leo mbegu husafirishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzipoza: huchanganywa na kimiminika maalumu, mara nyingi chenye kiini cha yai au maziwa, zikawekwa kwenye boksi lenye barafu katika nyuzi joto 4 hadi 5. Mbegu za namna hii hufaa zaidi zikitumika ndani ya siku moja au mbili. Ya pili ni kuzigandisha ndani ya mirija midogo na kuzihifadhi katika naitrojeni ya majimaji yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Humo hukaa miaka mingi, hata baada ya dume mwenyewe kufa.

Kila njia ina mahali pake pa kuharibika, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Katika kupandisha kwa kawaida watu wawili tu wanahusika. Mbegu zikisafirishwa, wanakuwa watano au zaidi: mwenye dume, daktari aliyezikusanya, msafirishaji, daktari aliyezipandikiza, na mwenye jike. Mimba isiposhika, kila mmoja humwonyesha kidole mwenzake. Mwenye jike husema mbegu zilikuwa mbovu. Mwenye dume husema ziliondoka zikiwa nzima, na hutoa mfano wa majike wengine waliozaa. Msafirishaji husema boksi lilifika limefungwa.

Mara nyingi kosa liko kwenye siku. Jike hukaa katika joto kwa takriban wiki tatu, lakini siku za kushika mimba ni chache. Mayai ya mbwa, tofauti na ya ng'ombe, hutoka kwenye ovari yakiwa bado machanga na huhitaji siku mbili hadi tatu kukomaa. Mbegu za dume aliye hai hungoja. Mbegu zilizogandishwa na kuyeyushwa haziwezi kungoja, kwani huishi chini ya siku moja hivi. Kwa hiyo anayetumia mbegu zilizogandishwa anapaswa kujua siku yenyewe, na hujulikana kwa kupima homoni ya projesteroni katika damu mara kadhaa. Kuhesabu siku tangu damu ilipoonekana, kama wengi wanavyofanya, ni kubahatisha. Jike mmoja huwa tayari siku ya 9, mwingine siku ya 15 au zaidi.

Kwa sababu hiyo mkataba mzuri wa mbegu zinazosafirishwa hutaja vipimo vya pande zote mbili. Mwenye dume hutoa taarifa ya daktari kuhusu wingi wa mbegu na asilimia ya zile zinazoogelea mbele. Kwa kawaida kipimo kimoja cha kupandikiza hulenga mbegu hai milioni 100 hadi 200. Mwenye jike hutoa matokeo ya projesteroni. Daktari anayepokea huangalia tone moja kwa hadubini kabla ya kupandikiza na kuandika alichokiona, saa na tarehe. Tone hilo humaliza nusu ya ugomvi. Likiwa na mbegu zilizokufa, tatizo liko kabla ya mlango wa daktari. Zikiwa hai, mwenye dume ametimiza wajibu wake.

Mirija iliyogandishwa imeleta pia swali lisilokuwepo zamani: mbwa akiuzwa, mbegu zake zilizoko kwenye mtungi zimeuzwa pamoja naye? Muuzaji aliyebaki na mirija kumi anaweza kuendelea kuzalisha watoto wa dume ambalo mnunuzi anadhani ni lake peke yake. Hali ni ileile wenye mbwa wakiwa wawili na wakakosana, au mmoja akifa na warithi wakaanza kugawana. Jibu hutegemea maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mirija ya mbegu ni mali.

Saini na ukoo

Silaha kubwa ya mwenye dume ni kalamu. Ili watoto wasajiliwe katika daftari la ukoo, vyama vingi hutaka uthibitisho kutoka kwa mwenye dume kwamba dume wake ndiye baba. Asiyelipwa ada yake hukataa kutia saini, na watoto ambao wangeuzwa kwa bei ya mbwa wa ukoo huuzwa kwa bei ya mbwa wa kawaida. Wapo pia wanaokataa baada ya kulipwa, wakitaka nyongeza. Katika Afrika Mashariki, East Africa Kennel Club ya Nairobi husajili mbwa na kuendesha maonyesho, kwa hiyo cheti cha ukoo si jambo la Ulaya na Marekani peke yake.

Hata neno “mzalishaji” lina tafsiri zaidi ya moja. American Kennel Club, iliyoanzishwa mwaka 1884, humhesabu mzalishaji kuwa aliyekuwa mwenye jike siku alipopandwa. The Kennel Club ya Uingereza, ya mwaka 1873, humhesabu mwenye jike siku anapozaa. Mtu akinunua jike mwenye mimba, sifa ya uzao itakuwa ya muuzaji katika nchi moja, na ya mnunuzi katika nchi nyingine. Katika desturi zote mbili, lakini, mwenye dume si mzalishaji, wala watoto si wake, isipokuwa yule aliyeahidiwa.

Magonjwa

Dume anayepanda majike wengi huweza kusambaza bruselosi ya mbwa, ugonjwa unaosababishwa na bakteria Brucella canis. Jike hutoa mimba, dume hupoteza uwezo wa kuzalisha, na binadamu pia huweza kuambukizwa. Mbegu zilizopozwa au kugandishwa hazizuii bakteria huyo. Ndiyo maana kipimo cha bruselosi hudaiwa kwa pande zote mbili kabla ya kupandisha, na asiyepima huwa na kazi ngumu kumlaumu mwenzake baadaye.

Mngeta na bonde la Kilombero

Mngeta ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa, katika njia inayotoka Ifakara kwenda Mlimba. Wakulima wa mpunga na mahindi hufuga mbwa kwa ajili ya kulinda nyumba na kufukuza nguruwe pori na nyani mashambani. Mbwa hao ni wa kienyeji na hutembea huru. Jike akiwa kwenye joto hufuatwa na madume ya kijiji kizima, na hakuna anayedai ada. Kinachoogopwa zaidi katika makundi hayo ni kichaa cha mbwa, na mikoa ya kusini-mashariki mwa Tanzania, Morogoro ikiwemo, iliingizwa katika mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuonyesha kwamba ugonjwa huo unaweza kutokomezwa kwa kuchanja mbwa.

Mfugaji wa Mngeta akitaka kuleta mbegu zilizopozwa kutoka Dar es Salaam hukabiliwa na hesabu ya saa. Boksi lipande basi, lipite Morogoro, Mikumi na Kidatu hadi Ifakara, kisha libadilishe gari. Wakati wa masika, bonde linapojaa maji, siku moja hugeuka mbili kwa urahisi. Treni ya TAZARA hupita katika bonde hilo, lakini ratiba yake haifuati joto la jike. Kwa mahali kama hapo ni busara zaidi kumsafirisha jike mwenyewe, akiwa na cheti cha chanjo.

Kwa ng'ombe hali ni nyingine. Wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamehamia bondeni na makundi makubwa, na malisho yamekuwa chanzo cha migogoro na wakulima. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo katika ardhi oevu hiyo, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Ramsar. Makundi yakichanganyika malishoni, ng'ombe hupandwa na dume la jirani bila mtu kupanga. Ndama huhesabiwa kuwa wa mwenye ng'ombe jike, wala mwenye dume hadai kitu. Ugomvi huja pale ambapo mtu amelipia mbegu bora kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, kisha akazaliwa ndama anayefanana na dume la jirani. Mtaalamu wa uhimilishaji hulaumiwa, ingawa huenda ng'ombe alipandwa jioni ileile alipofunguliwa. Ng'ombe aliyehimilishwa anatakiwa kutengwa na madume hadi joto liishe, na agizo hilo ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Sheria

Tanzania haina sheria maalumu ya upandishaji wa mbwa. Makubaliano huangaliwa chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo hutambua hata mkataba wa mdomo ilimradi uthibitishwe. Ugumu uko katika kuuthibitisha: shahidi aliyekuwepo wakati wa kupandisha hakuwepo, mara nyingi, wakati wa kukubaliana ada. Ujumbe wa simu na risiti ya malipo ya simu vimekuwa msaada mkubwa katika madai madogo ya namna hii. Kuingiza mbegu kutoka nje ya nchi ni jambo jingine, kwani Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 hudai kibali kwa wanyama na mazao yao. Aliyeleta mirija kwa mlango wa nyuma asitarajie mahakama imsaidie kudai fidia kwamba mirija hiyo haikuzalisha.