Mwanga Unaochonga Jicho, na Ugonjwa Usiobisha Hodi

Mkulima jembe lake likivunjika hununua jingine, na karani kalamu yake ikiisha wino hupewa nyingine ofisini. Lakini macho hayauzwi dukani. Hata hivyo, wako watu wengi wanaotunza baiskeli zao kuliko macho yao. Baiskeli hutiwa mafuta kila juma, bali macho hayapelekwi kwa daktari mpaka siku mwenyewe anapojigonga mlangoni.

Katika taarifa yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba watu wasiopungua milioni 2,200 duniani wana upungufu wa kuona, wa mbali au wa karibu. Kati yao, watu wasiopungua milioni 1,000 wana upungufu ambao ungaliweza kuzuiwa, au ambao haujapata matibabu bado. Maana yake ni kwamba giza la watu wengi si la lazima.

Siku hizi vijana wa ofisini huulizana sana habari za leza, yaani mwanga unaotumiwa kutengeneza macho ili mtu aache miwani. Yafaa kila mtu ajue kazi ya mwanga huo na mipaka yake, asije akatoa fedha nyingi kwa jambo dogo na kusahau lililo kubwa.

MWANGA ULIVYOKUWA KISU

Leza ya kwanza iliwashwa na Bw. Theodore Maiman katika Marekani mwezi wa Mei 1960. Mwanga wake hautawanyiki kama mwanga wa taa, bali huenda pamoja katika njia moja. Mwaka 1981 wataalamu watatu wa kampuni ya IBM, mabwana Srinivasan, Wynne na Blum, waliona kwamba leza ya namna fulani yaweza kukata nyama pasipo kuunguza pembeni. Nyama waliyoijaribia ilikuwa mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Mwaka 1983 Dk. Stephen Trokel wa New York, akishirikiana na Bw. Srinivasan, alionyesha kwamba leza hiyo yaweza kuchonga konea.

Konea ni ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, na unene wake katikati ni kadiri ya nusu milimita tu. Ndiyo inayoupinda mwanga ili uangukie retina, pazia lililo nyuma ya jicho. Mtu asiyeona mbali mara nyingi ana jicho refu mno, na mwanga hukutana kabla ya kulifikia pazia. Miwani husahihisha kosa hilo kwa nje, na leza hulisahihisha kwa kuichonga konea ipate umbo jingine. Katika njia iitwayo LASIK, jicho hutiwa matone ya ganzi, daktari hufunua utando mwembamba wa konea, leza huchonga chini yake kwa muda mfupi sana, kisha utando hurudishwa mahali pake.

Lakini si kila mtu afaaye. Hafai aliye chini ya miaka 18, wala yule ambaye nguvu ya miwani yake ingali inabadilika. Hafai mwenye konea nyembamba au inayochongoka, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha huambiwa angoje. Baada ya kazi hiyo wengine hupata ukavu wa macho, na wengine huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Dereva wa lori afikirie sana jambo hilo.

Tena leza haizuii uzee. Mtu akipita miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa, naye huhitaji miwani ya kusomea, hata kama aliwahi kuchongwa konea. Mwenye jicho refu sana hubaki na urefu huo, na hatari ya retina yake kubanduka hubaki vilevile.

UGONJWA USIOBISHA HODI

Adui mkubwa zaidi ni glakoma, ambayo wengine huiita presha ya macho. Mara nyingi maji yaliyo ndani ya jicho hukandamiza, na mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo hufa kidogo kidogo. Glakoma iliyo ya kawaida haiumi. Huanza kula pembezoni mwa kuona, na mgonjwa huendelea kusoma gazeti lake asijue kwamba anaibiwa. Watu wa asili ya Afrika hupatwa nayo zaidi, na mapema zaidi. Mshipa uliokufa haurudi, wala leza haiufufui.

Hata hivyo, kilichobaki chaweza kuokolewa. Kwa muda mrefu dawa imekuwa matone ya kila siku, maisha yote, na wengi huyaacha fedha zinapokwisha. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, madaktari walilinganisha matone ya timololi na leza ya namna nyingine, ambayo hufungua njia ya maji ya jicho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100, na matone katika macho 31 kwa kila 100.

Basi kila aliyefika miaka 40 na apimwe presha ya macho, na mwenye ndugu au mzazi mwenye glakoma asingoje umri huo. Aliyechongwa konea amwambie daktari, kwa sababu kipimo chake chaweza kuonyesha presha ndogo kuliko ilivyo.

YA NYUMBANI NA SHAMBANI

Mtoto wa jicho, ukungu unaowapata wazee, hauponi kwa matone wala majani. Dawa yake ni upasuaji na lenzi ya bandia, ambayo Dk. Harold Ridley aliitia kwa mara ya kwanza huko London mwaka 1949. Mzee anayeongozwa kwa fimbo huenda akarudi kuhesabu ng'ombe wake mwenyewe.

Jani la mahindi au kapi likikwaruza jicho, lisitiwe maziwa, mkojo wala maji ya majani. Mgonjwa aende hospitalini siku ile ile, maana kidonda cha konea hakingoji siku ya soko. Watoto na waoshwe nyuso, na choo kitumiwe, ili nzi wasieneze vikope. Mwenye ugonjwa wa sukari apimwe retina kila mwaka, ajapokuwa anaona vizuri.

Kijana anayetaka kuacha miwani hakosei, ila jambo lake laweza kungoja mwaka au miwili, na miwani itamtumikia. Glakoma ya baba yake haingoji. Nyumba yenye fedha za safari moja tu ya hospitali ya macho, na imtangulize mzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho hakuna fundi awezaye kuujenga upya.