Maji au Mchanga: Kutunza Kemikali Kali Kindu

Kindu, mji wa mashariki mwa Kongo, upo nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, na hewa ya kando ya mto Lualaba ina unyevu karibu mwaka mzima. Anayetunza kemikali mjini humo auhesabu unyevu huo kuwa kemikali mojawapo ndani ya depo yake.

Chukua klorini ya unga, ambayo kipindupindu kimeifanya ijulikane hadi vijijini mashariki mwa Kongo. Ni kalsiamu hipokloraiti; ile ya ndoo huwa na klorini itendayo kazi ya asilimia 65 hadi 70. Kifuniko kikilegea, unga hunyonya unyevu, hugandamana na kupungua nguvu, na mvuke wake hula bawaba za kabati. Mizigo hufika Kindu kwa ndege, treni au mashua, kwa shida. Ndoo zikiagizwa nyingi kwa mkupuo, za mwisho hukaa muda mrefu. Kila ndoo iandikwe tarehe ya kufika, na ya zamani ndiyo itangulie kutumika.

Kibaya zaidi ni ujirani. Unga huo ukimwagikiwa mafuta ya breki huweza kuwaka bila kiberiti, kwa hiyo usikae depo moja na pikipiki na jenereta. Ukikutana na asidi, hata ile ya kusafishia vyoo, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyoua askari karibu na Ieper, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu; hutambaa sakafuni, na tundu lililo juu karibu na dari halitoshi kuitoa.

Ndiyo sababu napinga kabisa kupanga chupa kwa alfabeti. Kwa lebo za Kifaransa asidi zote huanza na "acide", basi asidi ya nitriki, ichocheayo moto, hujikuta ikigusana na asidi ya asetiki, ambayo huwaka. Zitenganishwe kwa tabia zao, kila aina na beseni lake la plastiki la kukinga kinachovuja.

Halafu kuna kuzima moto. Sodiamu hutunzwa ndani ya mafuta ya parafini kwa kuwa ikigusa maji hutoa haidrojeni na huweza kulipuka. Moto wake huzimwa kwa mchanga mkavu. Moto wa klorini ya unga hutaka maji mengi mno, na vizimamoto vya unga wenye amoniamu huuzidisha. Sodiamu na klorini ya unga zikiwa chumba kimoja, mlinzi wa usiku hana la kufanya lililo salama. Zipewe vyumba mbalimbali, na kila mlango uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, neno moja: MAJI, au MCHANGA.